Kidole gumba kilichopotea: jinsi ya kuchagua intafesi ya gita bila kufilisika

Mjomba alisikiliza rekodi hadi mwisho bila kutia neno. Simu ilikuwa mezani, gita lake kavu lilikuwa bado mapajani, na nje, kwenye barabara inayoteremka hadi daraja la mto Lwakhakha, bodaboda zilikuwa zikivusha ndizi, mahindi na watu kati ya Kenya na Uganda kama ilivyo kawaida yake mchana kutwa. Wimbo ulipokwisha aliurudisha mwanzo, akausikiliza tena, kisha akaniuliza:

"Mpwa wangu, huyu anayepiga ni nani?"

"Ni wewe, khocha."

"Vidole hivi vya juu ni vyangu, navitambua. Kidole gumba changu kiko wapi?"

Khocha ndilo jina tunalomwita mjomba sisi Wabukusu, na neno la khocha halipuuzwi. Niliirudia rekodi nikiwa nimetega sikio. Alikuwa amesema kweli. Nyuzi nyembamba zililia vizuri, lakini besi anayoitembeza kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene ilikuwa imeyeyuka. Kilichobaki ni mgoto mdogo wa sauti, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Kwa mpigaji wa mtindo wa magharibi mwa Kenya, hiyo si dosari ya kufumbiwa macho. Kidole gumba ndicho kinachoubeba wimbo; vingine vinaimba juu yake. Ukikiondoa, wimbo unabaki hauna miguu.

Makala haya yametokana na swali hilo la mjomba. Wapigaji gita wa Bungoma, Chwele na Kitale wameniuliza mara nyingi wanunue kifaa gani ili warekodi nyumbani bila kuuza ng'ombe. Kifaa wanachokitafuta huitwa intafesi ya sauti. Ni kisanduku kidogo kinachopokea umeme hafifu wa gita au maikrofoni, kikaugeuza kuwa tarakimu, kikazipeleka kwenye kipakatalishi au simu kwa kebo ya USB. Jibu langu ni moja: usianze na bei, wala usianze na jina la kampuni. Anza na tundu ambalo gita lako litachomekwa.

WIMBO ULIPOKUWA UNASAFIRI

Tusisahau tulikotoka. George Mukabi, aliyezaliwa mwaka 1930 na kukulia Kisa, katika Kaunti ya Kakamega ya leo, ndiye anayetajwa kwanza kila panapozungumzwa omutibo, mtindo wa gita kavu ambamo kidole gumba hushika besi huku vidole vingine vikichonga sauti ya juu. Mwenzake wa kumsindikiza alihitaji chupa tu ya Fanta, ile yenye mikunjo ubavuni, ya kukwaruza na kugonga. Mukabi alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana, lakini sahani zake za santuri ziliwafundisha wapigaji wa vizazi vilivyofuata. Abana ba Nasery, kundi la Shem Tube na wenzake kutoka Bunyore, walibeba magita na chupa hiyo hiyo, wakasikika hadi Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Enzi hizo mpigaji ndiye aliyekifuata kinasa sauti. Aliyetaka wimbo wake uingie kwenye santuri alipanda basi hadi Nairobi, au alikwenda Kericho kwa A. P. Chandarana, ambaye studio na lebo yake zilitoa nyimbo za jamii nyingi za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Bila nauli, au bila mtu wa kukujua huko, wimbo ulibaki kwenye ngoma za kijijini na ukazikwa na mwenyewe.

Mara chache kinasa sauti ndicho kilichomfuata mpigaji. Hugh Tracey alipopita Kenya mwaka 1950 na vifaa vyake garini, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha huko huko kwao. Miaka miwili baadaye, Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi nchini Kongo, alimrekodi Mwenda wa Bayeke, mpigaji ambaye vidole vyake vilibadilisha gita la Afrika Mashariki yote. Katika zama zetu, tangu mwaka 2011, Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya Uingereza wamekuwa wakizunguka kanda hii na studio ya kubebeka katika mradi wa Singing Wells. Wanarekodi muziki pale unapochezwa.

Kisanduku kinachotoshea kwenye begi la shuleni kimetuletea jambo hilo hilo. Lwakhakha haihitaji tena kusubiri gari la mtu. Ila ukinunua kisanduku kisichofaa, utapoteza fedha na kidole gumba pamoja.

KILIVYOPOTEA MARA YA KWANZA NA YA PILI

Mara ya kwanza kilipotea ndani ya simu. Simu imeumbwa kwa ajili ya maneno ya watu. Mtandao wa simu wa zamani ulipitisha tu sauti zinazotikisika kati ya mara 300 na 3,400 kwa sekunde, kwa kuwa hizo zinatosha kumfahamu mtu anasema nini. Simu za leo hunasa zaidi ya hapo, lakini nyingi bado hujaribu kupunguza mngurumo wa chini na kusawazisha sauti kubwa na ndogo zenyewe, bila kukuuliza. Uzi mnene kabisa wa gita, ukitiwa sauti ya kawaida, hutikisika mara 82 kwa sekunde. Simu huuona kama kelele ya lori linalopita.

Mara ya pili nalaumu haraka yangu. Nilinunua Kitale kikadi cha sauti chenye vibonyezo vya rangi, vile vinavyopendwa na watu wa matangazo ya mubashara mitandaoni, pamoja na pikapu ya kubandika, kitufe chembamba cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 unachokigandisha kwenye ubao wa gita. Bei ilinifurahisha. Nilirudi Lwakhakha, nikabandika kitufe chini ya daraja la nyuzi, nikachomeka kwenye tundu la maikrofoni, kwa sababu tundu jingine halikuwapo. Mjomba akapiga. Tulichosikia kilikuwa chembamba kuliko kile cha simu.

Sababu yake ni ya kifizikia, na ukishaielewa hutauziwa tena kitu kisichokufaa. Kitufe kile hutoa umeme kidogo mno, kama chemchemi inayotiririsha maji tone kwa tone. Tundu la maikrofoni lina ukinzani wa ohm elfu chache tu, kwa hiyo huyanywa maji yote kabla kisima hakijajaa. Zinazoathirika kwanza ni sauti za chini, kwa kuwa ndizo zinazohitaji muda kujaa. Kitufe cha aina ile kikichomekwa kwenye tundu la ohm 10,000, sauti zilizo chini ya takriban mitikisiko 800 kwa sekunde huanza kufifia, na kadiri zinavyoshuka ndivyo zinavyozidi kupotea. Besi ya mjomba iko 82. Kitufe hicho hicho ukikichomeka kwenye tundu la ohm milioni 1, mpaka huo hushuka hadi karibu 8, chini kabisa ya kile ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Kitufe ni kile kile, gita ni lile lile, na kidole gumba kimerudi.

Gita la umeme lenye pikapu za sumaku hudhurika kwa njia ya kinyume: likichomekwa kwenye tundu la ukinzani mdogo, linapoteza makali ya juu na kusikika kama limefunikwa blanketi. Dawa ni moja kwa yote mawili. Tafuta tundu lililoandikwa INST au Hi-Z, au lenye picha ya gita, kisha hakikisha kwenye jedwali la vipimo kwamba ukinzani wake ni karibu ohm milioni 1 au zaidi. Kisanduku kisicho na tundu hilo kirudishe kwenye rafu, hata kama kinang'aa namna gani.

VISANDUKU VYENYEWE

Kwa mwenye mfuko mwembamba, Behringer UM2 ndiyo mlango wa kuingilia. Ina tundu moja la maikrofoni na moja la gita, na kitufe cha volti 48 kwa maikrofoni za kondensa. Inarekodi kwa biti 16. M-Audio M-Track Solo iko kwenye daraja hilo hilo. Zote mbili ni za plastiki, kwa hiyo zitunze safarini.

Ukiweza kuongeza kidogo, Behringer UMC202HD ina matundu mawili kamili, kila moja likipokea maikrofoni au gita, na mwili wake ni wa chuma. Focusrite Scarlett Solo, ambayo kizazi chake cha 4 kilitoka mwaka 2023, ina tundu moja la maikrofoni na moja la gita, na mara nyingi bei yake ni zaidi ya mara mbili ya UM2. Ndugu yake, Scarlett 2i2, ina nafasi ya maikrofoni mbili kwa wakati mmoja.

Kipi kati ya hivyo? Hesabu sauti utakazozirekodi kwa mpigo mmoja. Anayepiga gita la umeme au gita lenye pikapu huku akiimba anatosheka na tundu moja la gita na moja la maikrofoni. Anayetaka kuweka maikrofoni mbele ya gita kavu na nyingine mbele ya mdomo anahitaji matundu mawili ya maikrofoni, na hapo UM2 na Scarlett Solo hazitamsaidia. Usilipie matundu manne au manane eti bendi itakuja siku moja. Bendi ikija, itachanga.

Gita kavu lisilo na pikapu kabisa linaingia kwa maikrofoni. Isogeze hadi kama shibiri moja na nusu kutoka kwenye gita, ielekee pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye tundu la mviringo, besi itanguruma hadi ifunike vidole vingine. Kidole gumba kinaweza kupotea. Kinaweza pia kuzidi.

TARAKIMU ZINAZOTISHA BURE

Muuzaji atakuambia hiki ni biti 24, kile ni kilohezi 192. Msikilize kwa heshima, kisha upime mwenyewe. Biti 16 hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ndani ya nyumba ya mabati, penye kuku uani na redio kwa jirani, kelele za chumba zitakufikia mapema kuliko ukomo huo. Faida ya biti 24 ni kwamba unaweza kurekodi kwa sauti ya chini zaidi bila hofu, na ni faida ya kweli, lakini wimbo wako haufi kwa kuikosa.

Kilohezi 44.1 hunasa mitikisiko hadi takriban 22,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu lenye afya huishia karibu 20,000. Ukirekodi kwa 192 unajaza diski zaidi ya mara 4 bila msikilizaji wa redio kupata chochote cha ziada. Kwa kipimo cha 44.1 na biti 24, dakika moja ya gita moja huchukua takriban megabaiti 8. Kipakatalishi cha zamani kinaimudu.

Kinachostahili kukuhangaisha zaidi ni ucheleweshaji: muda kati ya kugusa uzi na kujisikia kwenye vipokea sauti vya masikioni. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo anayekaa mita 3 kutoka kwenye amplifaya husikia baada ya milisekunde 9 hivi, na hakuna anayelalamika. Ikifika milisekunde 30 au 40, kidole gumba na vidole vingine huanza kugombana. Punguza bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata, kwenye programu ya kurekodia hadi sampuli 128 au 256, na kwa Windows tumia dereva ya ASIO ya mtengenezaji. Bora zaidi, chagua kisanduku chenye swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Visanduku nilivyovitaja hapo juu vina njia hiyo.

Kama huna kipakatalishi, simu ya Android inaweza kukutosha. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, Android inatambua sauti ya USB. Utahitaji kebo ya OTG, inayounganisha kifaa cha USB na simu, na mara nyingi kigawanyio cha USB chenye umeme wake, kwani simu nyingi hushindwa kukilisha kisanduku. Jaribu kabla ya kulipa. Programu za kuanzia hazina gharama: Audacity ni ya bure, BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu, na Reaper hukupa siku 60 za majaribio.

STIMA, MABATI NA MVUA YA MLIMA ELGON

Huku kwetu kuna vipimo ambavyo havichapishwi kwenye kasha. Cha kwanza ni stima. Kisanduku kinachotumia umeme wa USB pekee, volti 5 tu, hakishtuki stima ikikatika: betri ya kipakatalishi inaendelea na kazi, na wimbo unakamilika gizani. Na hata stima ikiwapo, chomoa chaja unaporekodi. Ule mvumo wa chini usiokatika, wa mitikisiko 50 kwa sekunde, mara nyingi unatoka ukutani kupitia chaja, na wengi wamekitupa kisanduku kizima kwa kosa la waya.

Cha pili ni paa. Miteremko ya Mlima Elgon hupata mvua nyakati za alasiri, na mvua ikianza kupiga mabati hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Hapo ndipo pikapu inapoonyesha thamani yake: gita lililochomekwa halisikii mvua. Anayetumia maikrofoni apange saa zake. Mimi nimeona saa 11 alfajiri ndiyo bora, vyura wamenyamaza na bodaboda hazijaanza.

Cha tatu ni kuta. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele ya nje, na mwangwi hupunguza kidogo mno. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mpigaji, blanketi mbili nzito kwenye kamba na kabati lililojaa nguo hufanya kazi kubwa zaidi, na vyote umeshavilipia.

KUGAWANYA PESA

Kwa kila shilingi 10 ulizonazo, usizidishe 5 kwenye kisanduku. Mbili ziende kwenye vipokea sauti vinavyofunika sikio, kwa sababu spika za simu na kipakatalishi haziwezi kukuonyesha besi, na utaamua vibaya kila kitu. Shilingi 2 ziende kwenye maikrofoni au pikapu nzuri, na 1 kwenye kebo imara na nyuzi mpya. Nyuzi zenye kutu zitarekodiwa zikiwa na kutu hata kwenye studio ya Nairobi.

Barabara ya Luthuli jijini Nairobi bado ina maduka mengi ya vifaa vya sauti, na mzigo hufika Bungoma au Kitale kwa basi. Mwombe muuzaji akichomeke kisanduku mbele yako au mbele ya mtu uliyemtuma: kila tundu, kila kinobu, vipokea sauti pande zote mbili. Weka stakabadhi. Ukipata cha bei nafuu Mbale, upande wa Uganda, kumbuka kwamba utaratibu mwepesi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kisanduku kilichoundwa China hakimo, kwa hiyo ongeza ushuru kwenye hesabu kabla ya kushangilia. Na cha mitumba kinafaa kabisa, mradi tundu la USB halichezi na vinobu havikwaruzi vinapozungushwa.

Ukishakipata, jambo la mwisho ni mkono wako mwenyewe. Mwambie mpigaji apige kwa nguvu zake zote, siyo kwa adabu ya majaribio, kisha urekebishe kinobu hadi kilele cha sauti kifike karibu desibeli 12 chini ya ukomo. Sauti iliyopasuka haina fundi.

Kile kikadi cha vibonyezo nilimpa kijana wa matangazo, na kinamfaa. Nikanunua kisanduku chenye tundu moja la maikrofoni na moja la gita, nikarudi Lwakhakha jioni, tukalala mapema. Saa 11 alfajiri mjomba alikaa kwenye kigoda, godoro nyuma yake, kitufe kile kile cha ukubwa wa sarafu kikiwa kimebandikwa pale pale, safari hii kikiingia kwenye tundu lake halali. Alipiga wimbo mmoja, mara moja. Nikamvisha vipokea sauti.

Hakusema kitu. Alitazama sakafu, na baada ya mistari michache nikaona kidole gumba chake cha kulia kinagonga goti, kikifuatana na kile alichokuwa anakisikia. Wimbo ulipokwisha alivivua polepole, akakigeuza kile kisanduku mkononi, akakichunguza mbele.

"Hili tundu la pili halina kitu?"

"Halina, khocha. Ni la maikrofoni."

"Basi kukikucha nenda ng'ambo ya mto," akasema, "umwite yule wa chupa."